Kinundu chini ya chuchu baada ya upasuaji si titi linalorudi

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 26. Wiki tatu na siku kadhaa zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti, pande zote mbili. Wiki ya kwanza kifua kilikuwa bapa kabisa, nikafurahi. Sasa kimevimba tena kidogo, na chini ya chuchu ya kushoto kuna kinundu kigumu cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Nikigusa chuchu zenyewe sisikii kitu. Mwenzangu wa jimu anasema titi linarudi kwa sababu mizizi haikutolewa yote. Ananishauri nikande kwa maji ya moto, nipake krimu ya kuyeyusha anayoifahamu, na niache ile fulana ya kubana kwa kuwa inazuia damu kutembea. Je, ni kweli linarudi? Na lini nirudi kwenye vyuma?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Titi halijarudi. Tezi ya titi haioti upya ndani ya wiki tatu. Unachokishika ni kovu. Makovu yako ni mawili. Lile la nje, kwenye ukingo wa weusi wa chuchu, unaliona kwa macho. Hilo jingine, ambalo ni kubwa zaidi, liko ndani na utalijua kwa vidole tu. Swali lako naulizwa mara nyingi mno, na karibu kila anayeniuliza ameshaambiwa na mtu kwamba "mizizi imebaki". Nianze na hiyo mizizi, maana ndiyo inayowaharibia watu vifua.

Titi halina mizizi. Tezi inapotolewa hubaki nafasi kati ya ngozi na msuli. Siku za mwanzo mwili huijaza nafasi hiyo kwa maji na damu kidogo, ndiyo maana wengine huwekewa mrija wa kuyatoa. Kisha huanza kuijaza kwa nyuzi za kovu. Tangu wiki ya tatu hivi hadi ya nane nyuzi hizo huwa ngumu kuliko wakati mwingine wowote, halafu hulainika polepole, mwezi hata mwezi. Pagumu kuliko pote huwa chini ya chuchu, kwa sababu ndipo palipokatwa zaidi. Tena hapo daktari huacha kwa makusudi bamba jembamba la tezi. Likitolewa lote, chuchu huzama na kugandana na msuli, kifua kikabaki na shimo kama kisosi, na shimo hilo ni gumu kulirekebisha. Hicho mwenzako anachokiita kutomaliza kazi ndicho kinachoifanya chuchu yako ikae mahali pake.

Kuhusu ubapa wa wiki ya kwanza, kumbuka kwamba ulikuwa umebanwa usiku na mchana na mikono huiinui. Sasa umeanza kutembea, kuvaa mwenyewe, pengine kubeba begi, na uvimbe hufuata mwendo: asubuhi mdogo, jioni mkubwa. Upande mmoja kupona kabla ya mwingine ni kawaida. Uvimbe mwingi huondoka ndani ya wiki sita hivi za mwanzo, lakini uliobaki huchukua miezi mitatu hadi sita, na kovu la nje hukomaa kwa mwaka mzima au zaidi. Kifua unachokitazama leo kwenye kioo sicho utakachoishi nacho, wala hakuna daktari makini atakayekihukumu sasa.

Ganzi ya chuchu nayo ina sababu iliyo wazi. Mishipa midogo ya fahamu inayofika hapo hupita kati ya mbavu, na katika kuondoa tezi na kufyonza mafuta mingine huvutwa, mingine hukatwa. Hisia hurudi taratibu, kwa baadhi ya watu hadi mwaka, na mara nyingi hutanguliwa na kuwashwa, kuchomachoma au mshtuko mfupi kama wa umeme. Wapo wachache ambao hubaki na sehemu ndogo isiyosikia vizuri. Hilo ulipaswa kuambiwa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Ganzi hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisiwe na subira na ushauri wa maji ya moto. Ngozi yako kwa sasa haiwezi kukuambia kwamba inaungua. Mtu hukamua kitambaa kilichotoka kwenye maji yanayofuka mvuke, hukibandika kifuani, hukandamiza, na kwa kuwa haumii huongeza joto. Akija kufungua fulana usiku anakuta malengelenge kando ya weusi wa chuchu, yameshapasuka na kugandia kitambaa, na chale iliyokuwa mstari mwembamba imefunguka. Kidonda kama hicho hupona kwa kovu pana. Na kifua ni miongoni mwa sehemu ambazo keloidi, yaani kovu linalovimba na kuzidi jeraha lenyewe, hupenda kuota, hasa kwa wenye ngozi nyeusi. Chupa ya maji ya moto, mkeka wa umeme, mvuke, vyote viache mpaka hisia zirudi. Hata barafu usiiweke moja kwa moja juu ya ngozi, kwa sababu hiyohiyo.

Kukanda kovu kwa vidole, bila joto, ni jambo jema, lakini linaanza pale daktari aliyekupasua atakaposema chale imefunga, na atakuonyesha nguvu ya kutumia. Ikishafunga unaweza pia kutumia jeli au vibandiko vya silikoni kulinda kovu la nje. Krimu ya kuyeyusha tezi haipo. Hakuna kitu kinachopakwa juu ya ngozi kikapita, kikaichagua tezi au kovu na kuliyeyusha. Nyingine kati ya krimu hizi zisizo na maelezo huwa na steroidi kali, na steroidi ikipakwa kwa wiki kadhaa huifanya ngozi iwe nyembamba, ipauke na ipone polepole, juu ya chale ambayo bado changa.

Kibaya zaidi ni sindano. Wapo wanaodunga vifua vya watu kwenye vyumba visivyo na hata sinki la kunawia, wakiahidi kumaliza "mafuta yaliyobaki". Asidi ya dioksikoliki, dawa ya sindano inayoua seli za mafuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Haigusi tezi, na ikidungwa vibaya huua ngozi iliyo juu yake. Hapo ni dawa halisi ninayoizungumzia. Kilichomo kwenye chupa isiyo na lebo sikijui, na anayekudunga hakijui pia.

Fulana endelea kuivaa. Madaktari wengi hutaka wiki nne hadi sita, za mwanzo mchana na usiku, ukiivua kwa kuoga na kuifua tu. Ikubane huku ukiweza kuvuta pumzi ndefu, isiwe na mikunjo, kwa sababu mkunjo wa kitambaa hujichora kwenye ngozi iliyovimba. Mkono ukifa ganzi, basi ni ndogo kwako. Badilisha saizi, usiitupe.

Vyuma: kutembea ulipaswa kuanza siku ileile, na mazoezi mepesi ya miguu unaweza kuanza sasa kama daktari wako hana pingamizi. Kifua, mabega na chochote kinachokufanya ukaze pumzi na kusukuma, subiri zitimie wiki sita, kisha anza na uzito ambao zamani ungeudharau. Hatari kubwa ya damu kujikusanya ndani iko katika saa 48 za mwanzo, lakini nimewapokea vijana waliorudi kwenye benchi mapema na upande mmoja ukafura jioni hiyohiyo.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuligusa, kwa kuwa umetaja jimu: ulikuwa unajidunga? Sikuulizi ili nikulaumu. Titi la mwanaume huweza kurudi pale kilichoanzisha tatizo kinapoendelea, na kwa vijana wa vyuma mara nyingi ni steroidi za kujenga misuli. Testosteroni, homoni ya kiume, ikizidi mwilini, kimeng'enya kiitwacho aromatesi hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni, homoni ya kike, na estrojeni huikuza tezi, pamoja na lile bamba dogo lililoachwa. Ukiacha ghafla, korodani zinakuwa zimelala, testosteroni yako ya asili iko chini, na estrojeni inapata nafasi. Ndipo anapotokea mtu wa kukuuzia tamoksifeni, dawa inayoizuia estrojeni isifanye kazi kwenye titi, akisema ni "ya kuzuia". Ni dawa ya kweli, na madaktari huitumia pale tezi inapoanza kukua na bado inauma; tezi iliyokaa zaidi ya mwaka imeshageuka nyuzi na haiisikilizi sana. Inaweza pia kugandisha damu kwenye mishipa, na wewe umetoka kwenye upasuaji. Usiimeze kwa ushauri wa mtu wa jimu.

Na wewe unayesoma hapa ambaye hujawahi kushika chuma: dawa kama spironolaktoni ya presha na moyo, finasteridi ya tezi dume na upara, risperidoni ya magonjwa ya akili, efavirenzi ya wanaoishi na VVU, na pia pombe nyingi, ugonjwa wa ini, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na mara chache uvimbe wa korodani, vyote vinaweza kukuza titi. Anayekwenda kupasuliwa bila kuulizwa dawa anazotumia wala kupimwa korodani amehudumiwa nusu. Lakini usiache dawa yako mwenyewe. Anayeacha dawa za VVU ili kuokoa kifua anahatarisha maisha, ilhali daktari angeweza kumbadilishia.

Kwako wewe, rudi hospitali leo bila kusubiri miadi kama upande mmoja utafura ghafla na kukaza kwa maumivu, kama una homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaosambaa, usaha, chuchu inayogeuka nyeusi kuliko ilivyokuwa, maumivu ya kigimbi au pumzi kukata. Ukibonyeza ukahisi maji yanasukumana chini ya ngozi, hayo hutolewa na daktari kwa sindano, usijaribu kuyakamua.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, hicho kinundu kiache. Kwenye miadi yako omba majibu ya maabara ya tezi iliyotolewa. Saratani ya titi kwa umri wako ni nadra mno, ila kati ya saratani zote za matiti takribani moja katika mia humpata mwanaume, na tezi iliyokatwa inafaa kuchunguzwa. Kinundu kikilainika mwezi hadi mwezi, ni kovu. Kikiendelea kukua baada ya miezi mitatu, au kikitokea kipya baada ya kifua kutulia, mwombe daktari akupime kwa utrasaundi.