Jibu: Cherehani ya bibi imekaza, nianzie wapi?

Pole dada. Cherehani ya kukanyaga iliyokaa stoo hapo Moshi miaka mingi lazima ikaze, ila huyo jirani anayekushauri uimiminie mafuta ya kula usimsikilize kabisa! Yanaganda yanakuwa gundi.

Vua mkanda, toa sindano na bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), kisha fungua kile kibati cha chini ya sindano, ukipiga picha kila hatua. Utakuta nyuzi na vumbi vimeshikana kwenye meno yanayosukuma kitambaa. Safisha kwa brashi ndogo. Usipulize kwa mdomo, unyevu huleta kutu.

Palipoganda dondoshea mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, yalale hadi asubuhi, halafu uyafute yote. Maua ya dhahabu yaliyochorwa kwenye cherehani usiyaguse kwa mafuta hayo, yanaweza kufutika. Ndipo utie mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu la mafuta, ukizungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Weka sindano mpya, ujaribie kitambaa chakavu.

Gurudumu likigoma bado, tafadhali usilazimishe kwa koleo, chuma cha zamani huvunjika. Waulize washonaji wa soko la Mbuyuni hapo Moshi nani huwatengenezea cherehani zao.