Maswali Yenu: Eti maji ya moto yanageuza plastiki mazutu (dizeli)?

SWALI: Jambo Muhariri, mie niko mama wa Kadutu hapa Bukavu. Kijana wangu aliona kwenye simu eti huko Ulaya wanageuza plastiki kuwa mafuta kwa maji ya moto tu, sasa anaokota machupa ya maji pale ziwani amejaza kiwanja chote, na anatafuta chupa ya gazi ya zamani aweke maji na plastiki ndani, aifunge, aibandike kwa moto. Ni kweli hii mambo ama anatuchezea?

JIBU: Mama, hiyo chupa ya gazi asiilete nyumbani, kiisha njo tuongee.

Mambo yenyewe ni ya kweli. Maji ukiyapasha kupita digrii 374 na umeyabana kwa presha ya bari 221 hivi (bari moja ni kama presha ya hewa ya kawaida), hayako maji tena na hayako mvuke, yanapenya kila pahali, moto unafika sawasawa na ile minyororo mirefu ya plastiki inakatika bila kuungua kuwa makaa, unapata mafuta, nta na gazi. Chuo cha Purdue, Marekani, walitoa mafuta mpaka asilimia 91 kwa plastiki ya aina moja (polipropileni), na Uingereza pale Teesside kiwanda cha kazi hiyo kilifunguliwa 2023.

Lakini bari 221 mama! Ziwa letu Kivu penye kina kirefu ni mita kama 480 na presha ya kule chini haifiki hata bari 50. Chupa ya gazi ya jikoni wanaijaribu kwa bari 30 hivi, tena ikiwa baridi, chuma ikishika moto inalegea. Itapasuka, na kiwanja chenu kiko katikati ya manyumba ya watu.

Kiisha kuna hili video haikumwambia: machupa ya maji, yenye namba 1 chini, hayatoi mazutu. Kwa maji ya moto yanarudi tu kuwa zile kemikali yalitengenezwa nazo, kiwanda kinaweza kufanya plastiki tena, ila kwa jenereta hapana. Mafuta yanatoka kwa namba 2, 4 na 5, maana yake sashe (mifuko laini ya plastiki), bidoni za njano, na vifuniko. Yaani kwa lundo lake lote kilicho na mafuta ni vifuniko!

Sashe njo shida yetu kubwa, dekrete (amri ya serikali) ya Desemba 2017 ilizikataza na soko bado limejaa, mvua ikinyesha zinashuka na mto Kawa mpaka ziwani, zingine zinaenda kuziba barrage (bwawa la umeme) ya mto Ruzizi. Kijana akitaka kazi ya kweli achambue kwa namba: machupa awape wale wanasuka viti na vikapu, vifuniko na bidoni aweke kando, na mabomba ya namba 3 asichanganye na kitu, yakipata moto yanatoa asidi inayokula chuma na mapafu.