Mwili wa Livingstone ulilala wapi Bagamoyo

Si Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, wala Ngome Kongwe. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa kwenye mnara wa kanisa la zamani, kule Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, usiku wa kuamkia 25 Februari 1874, ukavushwa Zanzibar. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, waliubeba kwa miguu kutoka kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo. Kutoka mjini ukifuata barabara ya miembe, usiishie kanisa kubwa, hilo ni la karne ya 20. Mnara wenyewe ni mfupi, wa mawe, umebaki peke yake. Na ule mbuyu uliomeza mnyororo uko humohumo kwenye eneo la misheni. Kinachochomoza nje ya gome ni pingili chache tu, na wengi huupita bila kuuona. Mnyororo huo, wenyeji husema, ulikuwa wa kufungia punda, si watumwa.