"Log": gogo, hesabu au daftari?

SWALI: Shikamoo nahodha. Najifunza ufundi wa kompyuta hapa Kirumba, Mwanza. Mkufunzi wetu anasema faili ambamo mashine hujiandikia matukio huitwa "log" kwa kufupisha logariti, kwani kompyuta ni hesabu. Binamu yangu baharia anacheka, anasema ni gogo. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Binamu yako kakaribia. Mkufunzi kakisia, na anayekisia mbele ya darasa huniudhi kuliko asiyejua.

Tazama miaka tu. John Napier alitangaza logariti zake mwaka 1614. William Bourne, Mwingereza aliyewaandikia mabaharia, alikwisha kuieleza "log" ya melini, kifaa cha kupimia mwendo wa meli, mwaka 1574. Mtoto amzae mamaye?

Nayo haikuwa gogo zima. Ni kipande cha ubao, baadaye kikachongwa umbo la robo duara na kutiwa madini ya risasi ukingoni ili kisimame majini. Walikitupa kutoka tezi, yaani nyuma ya meli, kamba yenye mafundo ikikifuata, huku chupa ya mchanga ikihesabu sekunde 28. Fundo na fundo ni kama mita 14.4, yakipita matano mkononi, meli inakwenda maili tano za bahari kwa saa. Kipimo kiliandikwa daftarini pamoja na upepo na mwelekeo, na daftari likarithi jina la ubao. Watu wa kompyuta wameazima tu, karne tatu baadaye.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno lao, batli. Kutupa ubao ule ni kutia batli. Vijana wa melini hapa ziwani ukiwatajia batli wanakukodolea macho, wao ni "logibuku" tu. Haya, tuyaache.

Wiki haipiti bila mtu kunitumia kwenye simu kwamba "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia. Uongo! Ni neno la Kiingereza la "-pya" kwa wingi: mambo mapya. Waganga hawa wa maneno hupenda vifupisho kwa kuwa havihitaji kufungua kamusi. Ukikaa nao utaambiwa hata sangara ni kifupisho. Mtu akikuletea asili ya neno, muulize lilionekana wapi kwanza na mwaka gani. Akikuonyesha maandishi, niletee na mimi niyasome.