Maswali Yenu: Zamu ya Usiku na Simu kwa Bingwa

*Ni mwaka wangu wa kwanza kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Usiku naogopa kumwamsha bingwa. Nikipiga simu nitaonekana sijui kazi, nisipopiga roho haitulii. Wenzangu wanasema kukomaa ni kumaliza zamu bila kumsumbua mtu. Ni kweli?*
Rezidenti, Dar es Salaam

Si kweli, na wanaokwambia hivyo wanakupotosha. Unafanya kazi chini ya bingwa, na mgonjwa aliyelala wodini kwako ni wake pia. Piga pale mgonjwa anapozidi kudhoofu ilhali tiba ya kwanza umeshampa, kabla hujampeleka mtu thieta, dawa ikitolewa kimakosa, au mgonjwa akifariki ghafla. Na ukijikuta unajiuliza kwa mara ya pili kama upige, piga.

Kinachowaudhi mabingwa mara nyingi ni simu isiyo na kichwa: inaanzia kliniki ya ujauzito, na damu inatajwa dakika ya tatu. Pima presha na mapigo upya, shika faili, kisha piga. Kama mikono yako inahitajika kwa mgonjwa, mwambie intani, daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, apige na akuwekee simu sikioni. Shikamoo moja inatosha. Baada ya hapo sema unachotaka, ndipo ufuate maelezo:

"Dokta, nakuomba uje sasa hivi wodi ya wazazi. Mama wa miaka 27, uzazi wa tatu, amejifungua kawaida nusu saa iliyopita, damu imeshatoka mililita 800 na bado inatoka. Mapigo 128, presha 85 kwa 50. Mji wa mimba umelegea. Tunaukanda, amepata oksitosini yuniti 10 msulini na nyingine inaendelea kwenye dripu, traneksamiki gramu 1 mshipani, mpira wa mkojo upo, damu imeombwa. Kondo limetoka lote, sijaona mchaniko."

Hayo yanasemwa kwa chini ya dakika moja. Bingwa anajua avae viatu, na anajua njiani aulize nini. Andika kwenye faili saa uliyopiga na alichoagiza. Asipopokea, rudia mara moja, kisha mpigie anayefuata kwenye orodha ya zamu. Akifoka, vumilia, mweleze mgonjwa hadi mwisho. Ukali wake utazungumzwa kesho, damu haisubiri.

Kukomaa kunaonekana kwingine. Miezi ya mwanzo unaripoti na kuuliza ufanye nini. Baadaye unaripoti na kuongeza: "Napanga kufanya hivi, kwa sababu hii." Bingwa akiubadilisha mpango wako, muulize sababu asubuhi, uandike mistari mitatu kwenye daftari: ulichokiona, ulichoamua, alichokibadilisha na kwa nini. (Jina la mgonjwa lisiingie humo.) Ukisoma daftari hilo kila mwezi utaona kosa linalojirudia, na hilo ndilo la kufanyia kazi. Mwaka wa mwisho wewe ndiye unayepigiwa na wadogo zako. Pokea vizuri, maana ukimfokea mmoja leo, kesho watatu hawatapiga.

*Nakabidhi zamu asubuhi vizuri tu, lakini jioni nakuta dozi imerukwa au majibu ya maabara hayakufuatwa. Tatizo ni nini?*
Rezidenti, Mwanza

Huenda unakabidhi habari bila kukabidhi kazi. "Majibu yanasubiriwa" haisemi nani atayafuata, saa ngapi, na yakija mabaya afanye nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23 marezidenti walipofuata mpangilio mmoja: hali ya mgonjwa ni mbaya kiasi gani, muhtasari wake, kazi zilizobaki, kinachoweza kuharibika na hatua yake, kisha anayepokea arudie kwa maneno yake. Hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa sana kwetu, kwa sababu kila mtu anakimbilia raundi.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba, anayepata magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, ya msulini kila baada ya saa 4. Usiseme "anaendelea na magnesiamu." Sema: dozi inayofuata gramu 5, saa 4 asubuhi, atatoa fulani. Kabla ya kutoa, pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liitikie nyundo, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi isitolewe na mimi au bingwa aitwe. Pumzi zikisimama, asaidiwe kupumua na apewe kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu, gramu 1 mshipani polepole. Ipo kwenye trei pale pale kitandani. Kwenye faili andika 10:00. Ukiandika "saa 4", mwingine ataisoma alfajiri.

*Mume wangu anasomea ubingwa wa upasuaji. Akitoka zamu ya usiku hataki maongezi, nikimweleza ya watoto anajibu kwa ukali. Kazi imembadilisha?*
Mama Neema, Moshi

Dada, kwanza tazama usingizi. Utafiti wa mwaka 1997 uliona kwamba mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa hiyo asiendeshe gari kurudi nyumbani, mtafutieni usafiri. Akifika, ale kidogo, alale chumba chenye giza, simu ibaki sebuleni. Kahawa aikome saa kadhaa kabla zamu haijaisha, kwani baada ya takriban saa 5 nusu ya kafeini yake huwa bado imo mwilini. Ya ada na ya watoto yawekeni jioni, akishaamka na kuoga.

Lakini kama hata baada ya siku mbili za mapumziko hacheki na watoto, anakunywa pombe ili alale, au anasema bora asingekuwepo, huo si uchovu. Akisema hilo la mwisho, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa afya ya akili. Ikiwezekana awe wa hospitali nyingine, asiye miongoni mwa wanaomsahihishia mitihani, ili aweze kusema yote.