Skrini kubwa au vitufe?

Dada, umesema katika gari la kununua umebakiwa na mawili ya kuchagua: moja kila kitu ni kugusa kwenye skrini kubwa, jingine lina skrini ndogo na vitufe. Watoto watatu, na kila wikiendi mnatoka Uyole kwenda Tukuyu kwa bibi. Mimi ningechukua la vitufe.

Fikiria mko njiani, pale Isyonje, asubuhi ya Julai. Ukungu nje, ndani mnapumua watu watano, kioo cha mbele kinageuka maziwa, na mbele yako kuna lori linaloelekea mpakani Kasumulu. Hapo unataka kitufe cha kupuliza kioo ambacho kidole kinakijua chenyewe. Mara ya mwisho nilipoazima gari la skrini tupu nilipapasa menyu mbili, nikaishia kuegesha pembeni nifute kwa kanga ya mke wangu. Hata Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kanuni zao za 2026 zinatoa alama kwa indiketa, hazadi, honi na waipa vyenye swichi za kushika.

Kama yametumika Japani, washa redio kabla hujalipa. FM ya kule kwa miaka mingi iliishia 90, zetu zinafika 108, na menyu huwa ya Kijapani. Redio hubadilishwa, ila uliza kwanza kama kamera ya nyuma na vitufe vya usukani vitaendelea kufanya kazi.

Sanruufu achana nayo. Chaji ya USB siti za nyuma, hiyo usikose. Watoto watatu hao!