Kabla ya Kutaja Jina la Tamathali, Sema Imefanya Nini

Wanafunzi wanaokuja kwangu Jumamosi kwa masomo ya ziada hapa Kisumu huwa wamekariri. Mwambie mmoja wao ataje tamathali za usemi, atakumiminia: tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, takriri, tanakali, tasfida, kinaya, kejeli, jazanda, taashira, ritifaa, mpaka pumzi imwishie. Lakini mwekee sentensi moja tu mbele yake na umuulize ina nini ndani. Ataikodolea macho, kisha aanze kubahatisha: "Ni taswira, mwalimu?" Taswira ndiyo kimbilio la wengi, maana ni nadra sana sentensi nzuri kukosa picha ya aina fulani.

Sina ugomvi na orodha. Utaihitaji. Ninachowaambia ni kwamba jina huja mwisho. Kwanza tafuta mahali ambapo maneno yamekataa kusema mambo kikawaida: yametaja jambo lisilowezekana, yametia chumvi, yamezunguka, yamegeuza maana au yamerudia pasipo haja ya kurudia. Kisha jiulize mwandishi amepata faida gani kwa kufanya hivyo. Ukishajibu hayo mawili, jina halina pa kukimbilia.

Tujaribu na kifungu hiki nilichokitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa:

"Jua lilikuwa limemkasirikia Akinyi. Lilimchapa utosini tangu Kondele mpaka Kibuye, naye akatembea kama aliyejitwika ziwa zima. 'Ewe mama uliyelala,' alinong'ona, 'laiti ungeniona leo!' Alipofika sokoni mguu ukateleza, omena zikamwagika mwaa! 'Hongera,' Bwana Tajiri akamwambia, yeye aliyekuwa na deni kwa kila muuza samaki pale, 'sasa hata paka wa Kibuye watakukumbuka kwenye maombi yao.'"

Jua halikasiriki wala halina kiboko. Limepewa hasira na mkono wa binadamu, kwa hiyo ni tashihisi, ambayo wengine huiita uhuishaji. Wengi huishia hapo na kuweka kalamu chini. Wewe endelea. Mwandishi angeweza kusema kulikuwa na joto kali na tungemwelewa. Kwa kusema jua limemkasirikia Akinyi, ameligeuza joto kuwa uonevu, nasi tunaanza kumhurumia msichana kabla hatujajua shida yake ni nini. Hiyo ndiyo dhima, yaani kazi ambayo tamathali imefanya, na ndiyo inayomtofautisha mtahiniwa aliyesoma kifungu na yule aliyesoma orodha.

"Kama aliyejitwika ziwa zima" ni tashbihi, na papo hapo ni chuku, kwa sababu hakuna shingo inayoweza kubeba ziwa. Maneno yale yale kubeba tamathali mbili si ajabu. Ukiulizwa moja, chagua ile unayoweza kuitetea vizuri zaidi. "Uliyelala" inatuambia mama amefariki bila kulitaja neno lenyewe: tasfida. Na kule kumsemesha marehemu kana kwamba anasikia ni ritifaa. Mwaa ni tanakali ya sauti, hapo hakuna mjadala. Bwana Tajiri naye? Jina linasema hivi, madeni yanasema vile, na hicho ni kinaya. Kama kweli angekuwa na mali, tungesema ni majazi, yaani mhusika amepewa jina linaloafikiana na hali au tabia yake. Hongera yake haina pongezi hata chembe. Ni kejeli. Paka wanaoomba nakuachia wewe.

Sasa tuje kwa neno linalowaponza wanafunzi kuliko yote: kama. Kuna dhana kwamba popote lilipo pana tashbihi. Hapana. "Kama mvua itanyesha, tutalala Ahero" ni sharti. "Alifanya kazi kama utingo kwenye matatu ya Busia" inataja kazi ya mtu. "Walikuwa abiria kama kumi na wanne" ni kadirio tu. Hata "Otieno ni mrefu kama kakake" si tashbihi, maana tunalinganisha watu wawili kwa kimo chao halisi, kitu ambacho fundi cherehani angeweza kukithibitisha kwa futi yake. Tashbihi hulinganisha vitu visivyo vya jinsi moja: "Otieno ni mrefu kama mlingoti." Ondoa kama, useme "Otieno ni mlingoti", umepata sitiari. Songa hatua moja zaidi: "Mlingoti umefika, angalieni vichwa vyenu mlangoni." Mtu mwenyewe hatajwi tena, lakini bado ni sitiari, na ndiyo inayowapita wengi kwenye mtihani kwa sababu hakuna "ni" ya kuwashtua.

Upande wa pili, tashbihi huja bila kama. Tafuta mithili ya, mfano wa, sawa na, kana kwamba, utadhani. Kwenye ushairi kuna ja, neno la herufi mbili ambalo jicho huliruka kwa urahisi. Ukisoma shairi, lipigie mstari kila unapolikuta, kisha uangalie kama linalinganisha.

Kinaya, kejeli na sadfa huchanganywa mno, na mji wetu unatusaidia kuzitenganisha. Kisumu imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika kwa eneo, na bado kuna mitaa ambako watu hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Hakuna aliyemcheka mwenziwe hapo. Hali yenyewe ndiyo imekwenda kinyume na matarajio, na hicho ni kinaya. Sasa mwenye nyumba asimame mlangoni, amtazame mpangaji anayehema na mtungi, amwambie, "Una bahati wewe, unaishi karibu na ziwa!" Hapo pana kejeli: kuna mdomo unaosema na kuna mtu anayelengwa. Na bomba lililokauka wiki nzima likianza kutiririka dakika ile ile mpangaji anapomlipa muuza maji, hiyo ni sadfa, matukio mawili yamekutana bila mtu yeyote kupanga.

Jazanda na taashira pia zina vita vyake, na hapa mimi huwapeleka wanafunzi kwenye mikutano ya siasa, kwa sababu wanasiasa wetu hutumia tamathali kuliko washairi. Katika kampeni za 2017 mwanasiasa Raila Odinga aliwaahidi wafuasi wake Kanaani, nchi ya ahadi katika Biblia, naye akajifananisha na Yoshua aliyewaingiza Waisraeli huko. Ukishakubali Kanaani, unalazimika kukubali kwamba kuna jangwa mlilotoka, mto wa kuvuka na kiongozi wa kuwavusha. Picha moja inaendelezwa na kuzaa nyingine, na kila sehemu yake inasimamia kitu katika siasa za siku hizo. Hiyo ni jazanda. Wilibaro ya kampeni za 2022, nembo ya chama cha UDA cha William Ruto, ni jambo tofauti: ni kifaa kimoja, kinachoonekana kwa macho, kilichosimama badala ya mtu wa kipato cha chini anayejitafutia. Taashira. Chungwa nalo, katika kura ya maamuzi ya 2005 juu ya katiba mpya, lilisimamia "La" huku ndizi ikisimamia "Ndiyo". Tunda lenyewe halina uhusiano wowote na katiba. Lilipewa maana ile, watu wakaishika, na baadaye likawa nembo ya chama.

Na majina ya Raila? Baba, Agwambo, Tinga. Hizo ni lakabu, kwa maana ni watu waliomwita hivyo, si jina lililobuniwa na mwandishi ili lilingane na tabia ya mhusika. Tinga lilitokana na trekta, alama ya chama chake cha NDP miaka ya 1990. Kwenye riwaya au tamthilia, uliza swali hilo hilo: jina hili kampa nani? Wahusika wenzake wakimbandika, andika lakabu.

Kuhusu tofauti ya tamathali na mbinu za uandishi, sitakaa sana. Tamathali utaipata ndani ya sentensi au mafungu machache ya maneno. Mbinu rejeshi (kurudi kwenye matukio yaliyopita), taharuki (kumweka msomaji roho juu), hadithi ndani ya hadithi na uzungumzi nafsia (mhusika kujisemea peke yake) utaziona ukisogea nyuma uitazame hadithi kwa upana. Walimu hawakubaliani juu ya mpaka wenyewe, na vitabu vya mwongozo vinapingana, kwa hiyo soma swali: likisema tamathali, usiandike taharuki.

Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) ina alama 80 kwa saa mbili na nusu, nawe unajibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Muda ni mdogo, na ndiyo maana nasisitiza jibu liwe fupi na kamili: taja tamathali, nukuu maneno yenyewe (usinukuu aya nzima, msahihishaji si mchimba migodi), kisha useme imefanya nini pale kama swali linataka hivyo. Epuka "imeipamba kazi" na "inamvutia msomaji". Maneno hayo yanafaa tamathali zote ulimwenguni, kwa hiyo hayaelezi hata moja.

Limebaki swali ambalo darasa langu hulipigania kila mwaka. Kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, pale Ilesi, kuna mwamba mrefu wenye jiwe kubwa kichwani, na maji huuteremkia ubavuni. Watu huuita Jiwe Linalolia. Je, hiyo ni tashihisi? (Na nimesema kichwani na ubavuni, mmeona?) Kwa asili ni tashihisi, bila shaka. Lakini kondakta anayetangaza kituo hafikirii machozi, kama wewe usivyofikiria mwili wa mtu unaposema mguu wa meza, mdomo wa chupa au mkono wa shati. Tamathali za aina hii zimetumika hadi zikawa msamiati wa kawaida. Msimamo wangu ni kwamba jina likitajwa tu kama jina, usilihesabu. Mshairi akiuliza jiwe linamlilia nani, au akaandika kwamba limechoka kulia na hakuna anayelipa leso, basi ameifufua tashihisi ile na ana haki ya alama zake. Ukikutana na neno la namna hiyo kwenye dondoo, angalia kama mwandishi amelifufua. Kama hakulifufua, liache na utafute tamathali nyingine kwenye mstari unaofuata.